Tundu la Tatu

Kila asubuhi, kabla hata ya kugusa chai, Mzee Ratili alikuwa na tangazo lake. Alisimama katikati ya chumba cha mbele, suruali imenyooka kwa pasi, akauvuta mkanda wake wa ngozi ya kahawia, akachomeka ulimi wa bizimu mahali pake, kisha akasema kwa sauti ya msoma taarifa ya habari:

"Tundu la tatu! Sijapungua hata unywele."

Mkewe, ambaye saa hiyo alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake chini ya dirisha, alijibu bila kuinua macho. "Naona, mzee. Kaa unywe chai."

Angeinua macho angeangua kilio, ndiyo maana hakuyainua. Alisukuma kitambaa mbele, akakanyaga cherehani kwa nguvu, kelele zikafunika pumzi zake. Miezi mitano mizima hivyo hivyo.

Sasa ngoja niwaeleze mtu huyu alikuwa nani, maana bila hilo mtasema mkewe alikuwa na roho mbaya. Ratili si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa na soko zima, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja, hadi alipostaafu, alikuwa mkaguzi wa vipimo wa serikali. Alizunguka na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba yaliyong'aa, akaingia duka hadi duka akizipima mizani za watu. Iliyo sawa aliifunga lakiri ya risasi yenye mhuri. Iliyochezewa aliinyang'anya pale pale, na mwenyewe akaandikiwa kosa, awe nani awe nani. Hakupokea hata ndizi moja ya bure. Alikuwa mtu wa kuudhi kweli, mnyoofu hadi inachosha.

Hata shemeji yake hakupona. Huyo shemeji ni kaka wa tumbo moja wa mkewe, muuza nafaka, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Siku moja Ratili alipitisha mkono chini ya ubao wa mizani yake ya magunia, akakuta kipande cha chuma kimegandishwa kwa lami. Shemeji akacheka, akamshika bega. "Aa, shemeji, tusivuane nguo mbele za watu. Hili tutalimaliza nyumbani." Ratili akajibu, "Nyumbani mimi sina mizani." Akatoa kalamu, akamwandikia. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja wawili hao hawajapeana hata mkono. Fundi, dada wa mmoja na mke wa mwingine, alikuwa akimtembelea kaka yake peke yake na kurudi na salamu zisizopokelewa.

Basi, mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa na daktari kwamba ana uvimbe kwenye ini, sentimita saba. Kupasua haiwezekani. Dawa zipo, lakini zitamchosha kuliko zitakavyomsaidia. Daktari, dada mdogo mwenye miwani mikubwa, hakuzunguka mbuyu. Alisema kama mgonjwa angekuwa baba yake mzazi, angemwacha apumzike nyumbani, na ikifika kuumwa atampa za kutuliza maumivu.

"Ila jambo moja," alisema. "Tumbo likianza kuvimba, mrudi mara moja. Yatakuwa maji. Na maji yakishaingia..." Hakumaliza sentensi, wala wao hawakumwomba amalizie.

Ratili akaenda nyumbani bila kidonge hata kimoja. Na mizani za hospitali akazikataa. Miezi mitatu baadaye, alipopita kliniki mara moja tu, muuguzi alipompandisha juu ya mizani alifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano, akasema, "Andika, lakini usinitajie. Nimezipima hizi miaka thelathini na mmoja. Hazitanipima mimi." Muuguzi akaandika kwenye kadi, kadi ikaingia mkobani mwa mkewe, na huko ikakaa. Kilo hamsini na tatu. Mtu aliyewahi kuwa na sabini na tano.

Kipimo alichokiamini ni mkanda. Tangu ujana wake alifunga tundu la tatu, akaufungia ofisini na kanisani, akaufungia siku binti yao alipoolewa. Mkanda ukimfika pale pale, maana yake yeye bado ni yeye.

Halafu ikaja asubuhi moja ulimi wa bizimu ukaingia tundu la nne. Alisimama pale kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa. Hakunywa chai. Alirudi kitandani na nguo zake, akageukia ukutani, na siku mbili nzima hakula chochote isipokuwa maji. Mkewe alimbembeleza, akamkaripia, akamlilia. Wapi! Siku ya pili jioni fundi akaona wazi kabisa: uvimbe haujamuua mume wangu, lakini tundu la nne litamuua kabla ya wiki kwisha.

Siku ya tatu, mzee alipojikokota kwenda kuoga, yeye akauchukua mkanda kitini. Akafumua mshono wa bizimu, akakata inchi moja na nusu ya ngozi kwa mkasi mkubwa, akashona tena kwa sindano ya viatu, vidole vinatetemeka, maji yanasikika bafuni. Mzee alipotoka mkanda ulikuwa unaning'inia pale pale kitini.

Akaufunga. Akakodoa macho. "Tundu la tatu," alisema polepole. "Mbona juzi...?"

"Juzi ulivuta kwa hasira."

Akakaa mezani, akala mkate mzima.

Ndivyo ilivyoanza. Na mtu akishakata mara ya kwanza, mara ya pili mkono hautetemeki sana. Alikata tena baada ya wiki nne, kisha tena, kisha tena. Suruali akazipunguza nyuma, pale kwenye mshono wa kati ambapo mwenye nguo hapaoni. Mashati akayabana mbavuni, vifungo vya kola na vya mikono akavisogeza. Mzee alipotazama mikono yake iliyokonda alisema ni uzee tu, hata marehemu baba yake alikuwa na mikono ya kijiti. Vile vipande vya mkanda, fundi hakuthubutu kuvitupa. Alivitia ndani ya kopo lake la vifungo, chini kabisa. Kila alipotafuta kifungo vidole vyake viligusa ngozi ile, na moyo ulimchoma. Alikuwa anachezea kipimo nyumbani kwa Ratili. Kaka yake alisusiwa miaka kumi na moja kwa kipande kimoja cha chuma. Yeye alikuwa na vinne vya ngozi.

Baada ya mara ya nne, wiki sita zikapita bila haja ya mkasi. Alimshukuru Mungu kimyakimya, akidhani ugonjwa umepumzika kidogo njiani.

Kisha Jumatatu moja tangazo halikuja.

Alisikia bizimu ikigonga, akasikia mtu anavuta pumzi, halafu kimya. Mzee akaja mezani shati limeachwa nje ya suruali. Mzee Ratili! Mtu aliyekuwa akichomekea hata akienda kumwagilia mchicha! Alikunywa chai nusu kikombe, mkate akausukuma pembeni.

"Vipi, mzee?"

"Sina njaa."

Jumanne vivyo hivyo. Jumatano akala vijiko vitatu vya supu, akasema imetosha. Fundi roho ikawa juu juu. Alhamisi, mzee akiwa bafuni, akaenda kuuangalia mkanda. Kwenye tundu la tatu mkunjo ulikuwa wa zamani. Kwenye tundu la pili palikuwa na mkunjo mpya. Na tundu la kwanza, lile la kule nchani, ambalo halikuwahi kuguswa tangu mkanda ununuliwe, lilikuwa limetanuka.

Akakaa chini kitandani. Tumbo limevimba, alijisemea. Maji yamekuja. Yesu wangu, ndiyo basi.

Alikaa hivyo kitambo, mkanda magotini, hadi jicho lake likaangukia shati la jana lililotundikwa mlangoni. Kifungo cha kola kilikuwa kimeng'oka. Hakikukatika uzi kwa uchakavu. Kilikuwa kimevutwa. Akainuka. Akakagua mikono ya shati: kifungo cha kulia kimebaki kwenye uzi mmoja, na mshono wa begani, aliouingiza mwenyewe kwa mkono wake, umeanza kuachia.

Hapo ndipo fundi aliyeshona nguo za watu miaka ishirini na nane alipozinduka. Amewahi kushonea wenye matumbo ya maji, Mungu awarehemu. Nguo zao huwabana kiunoni, mabegani zikawapwaya. Maji hayapandi kwenye vifundo vya mikono. Maji hayang'oi kifungo cha kola.

Akakimbilia kopo la vifungo, akalimwaga kitandani, akapanga vile vipande vinne sambamba na mkanda. Hata kwa tundu la kwanza mzee alikuwa bado mwembamba kuliko siku ile walipotoka hospitali. Hakuwa anavimba. Alikuwa anarudi! Mwanamke alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili asipige kelele.

Kisha furaha ikakatika. Kwa sababu mtu huyo anayerudi alikuwa ameanza kujinyima chakula. Na alijinyima kwa sababu ya kipimo cha uongo ambacho mkewe ndiye aliyekitengeneza.

Mlango wa bafuni ukafunguka. Mzee akaingia, taulo begani, asione vilivyoko kitandani, akakaa kwenye kiti cha dirishani.

"Fundi, kaa chini," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha zaidi mkewe. "Sikutaka kukwambia. Maji yamekuja. Yule binti alisema turudi, lakini nikafanye nini kule? Nimeamua kula kidogo na kunywa kidogo, nisivimbe nikawa kioja. Nimeshakubali, nawe kubali. Lile sanduku la mawe ulipeleke ofisini. Na mimi unishonee shati jeupe, usilibane."

"Hujavimba," alisema mkewe.

"Nimevimba, mke wangu. Mkanda huu hapa..."

"Mkanda ni muongo! Mimi ndiye niliyeufanya muongo!"

Akavikusanya vile vipande, akaviweka juu ya goti la mumewe, kimoja kimoja. Akasema yote. Akasema tangu lile tundu la nne, bafu, sindano ya viatu, suruali, kola, vyote, maneno yanagongana, machozi yanamwingia mdomoni. "Nimekukata inchi sita, mzee. Inchi mbili umezirudisha mwenyewe. Unanenepa! Angalia kola yako. Unanenepa, halafu unakataa kula kwa ajili yangu mimi mjinga!"

Mzee Ratili alivikusanya vipande mkononi. Aliinuka, akaenda uvunguni, akalivuta lile sanduku la mbao, akatoa rula ya chuma. Akapima kipande cha kwanza, akaandika. Cha pili, akaandika. Alipima vyote vinne, mara mbili mbili, kama mtu aliyeko kazini.

"Sita na robo," alisema. "Robo umeiacha."

"Nisamehe."

"Kwa hiyo nilikuwa nasimama pale kila siku, natangaza uongo kwa sauti."

"Ndiyo."

"Na wewe unaniambia unaona."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alitoka nje na vipande vyake mkononi, akakaa kwenye ngazi ya nyuma, mgongo umeelekea mlango. Fundi alijaribu kushona, mshono ukaenda upogo, akafumua, ukaenda upogo tena. Alijua mumewe anavyonuna: kimya cha miaka. Akajisemea, basi na iwe, aninunie akiwa hai. Ninunie hadi ufike miaka tisini, bora ule.

Baada ya saa nzima mzee aliingia ndani, hakumtazama.

"Ule mkate umebaki?"

Akala vipande vitano, bila neno. Neno halikuja hiyo siku wala kesho yake. Jumatatu wakaenda hospitali, yeye hatua tatu mbele, mkewe nyuma na mkoba.

Daktari wa miwani alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo chake, akatazama kwenye kioo. Akapitisha tena. Akainuka, akamwita daktari mkubwa, wakapima wote wawili, wakanong'ona, wakafungua faili kuhakikisha jina. Fundi alikuwa ameshika kona ya meza hadi vidole vimekufa ganzi.

"Maji?" aliuliza Ratili.

"Hakuna maji," alisema daktari. "Mzee, ulikuwa na uvimbe wa sentimita saba. Leo naona sentimita mbili, umesinyaa kama kovu. Umetumia dawa gani?"

"Hakuna."

"Za mitishamba? Kuna mtu amekuchanjia? Sema tu, sitagomba."

"Maombi nimeomba mimi," alidakia mkewe. "Yeye alikuwa anafunga mkanda tu."

Daktari mkubwa akacheka, lakini yule dada hakucheka. Alivua miwani. "Hutokea, mara chache sana. Mwili unaugeukia uvimbe wenyewe, unaula. Nimesoma vitabuni, kwa macho yangu sijawahi kuona. Kwa nini wewe, sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

"Unaweza kurudi?"

"Unaweza. Nitakuona kila miezi mitatu. Sitakuahidi zaidi ya hapo."

Ratili alimtazama kwa heshima ambayo mkewe hakuwa ameiona kwa siku nyingi. "Huyu hachezei mizani," alisema. Lakini muuguzi alipomwelekeza kwenye mizani ya ukutani alitikisa kichwa. "Hii simjui aliyeikagua."

Akatoka nje, akavuka barabara, akakata kulia. Mkewe akamfuata mbio mbio. Kwa njia ile hapakuwa na kituo wala duka la dawa. Kwa njia ile kulikuwa na duka moja tu analolijua.

Shemeji alikuwa anachota maharage. Alipomwona anayeingia, kopo likamponyoka, maharage yakatapakaa sakafuni. Wateja wakanyamaza. Kila mtu mtaa ule alikijua kisa chao.

"Mizani iko sawa," alisema shemeji haraka haraka. "Haki ya Mungu, sijaigusa."

"Najua," alisema Ratili. "Katika mji huu ni hii tu ninayoijua. Tangu siku ile huwezi kuthubutu."

Hata hivyo aliinama, magoti yanalia, akapitisha mkono chini ya ubao. Hakuna kitu. Akavua viatu. Akapanda. Kwa mazoea akafumba macho, kisha, fundi alimwona waziwazi, akayafumbua mwenyewe.

"Soma kwa sauti."

"Hamsini na nane," alisema shemeji.

"Na nusu. Nusu unampa nani?" Akamgeukia mkewe. "Kadi inasema ngapi?"

"Hamsini na tatu."

Ratili alibaki juu ya mizani. Akatoa mfukoni vile vipande vinne vya ngozi, akaviweka kaunta mbele ya shemeji.

"Dada yako ameniibia inchi sita na robo. Ndani ya nyumba yangu, mbele ya macho yangu. Ukoo wenu mzima ni wezi wa vipimo, sijui mmelishwa nini."

Shemeji aliangalia vipande, akamwangalia dada yake anayelia, akaelewa robo ya kisa, akakisia zilizobaki. "Sasa... umemwandikia?"

"Nilikaa kwenye ngazi saa nzima natafuta kifungu cha sheria."

"Ukakipata?"

"Sikukipata," alisema mzee, na machozi yakamtoka, yakamshuka hadi kwenye kola isiyo na kifungo. "Huyu angenipimia kwa haki, saa hizi ningekuwa nimeshazikwa."

Akanyoosha mkono apate kushuka. Shemeji akaushika, na aliposhuka hakuna aliyeachia. Wateja wakaanza kuokota maharage, wakijifanya hawaoni.

Mkanda fundi hakuuunga. Mzee alikataa, akasema viraka ni vya mpira wa baiskeli. Kesho yake asubuhi cherehani ilikuwa inanguruma chini ya dirisha kama kawaida. Mzee Ratili akasimama katikati ya chumba, shati amelichomekea, akavuta pumzi.

"Tundu la kwanza!" alitangaza. "Na linabana!"

Mkewe akaacha kukanyaga. Akainua macho, akamtazama kuanzia shingoni hadi miguuni, akalia mbele yake bila kujificha.

"Naona, mzee," alisema. "Kaa unywe chai."